Vikombe Visivyo na Kitako

Katika nchi yetu hakuna migogoro kazini. Naliweka hili wazi mapema, ili msomaji wa nchi nyingine, ambako huenda watu bado wanavutana na mabosi wao, asije akadhani nitakayoyaeleza ni mgogoro. Sisi migogoro tuliifuta. Ilifutwa bungeni, mchana kweupe, kwa makofi, na tangu siku hiyo mfanyakazi mwenye neno na mwajiri wake husemwa kwamba amechelewa kunywa chai.

Sheria yenyewe ndiyo ya chai. Walioitunga walikuwa watu wanaopenda desturi zetu. Waliona mgeni akiingia nyumbani anapewa chai. Posa ikiletwa, chai. Majirani waliotukanana kwa sababu ya kuku wakipatanishwa, chai. Wakagundua kwamba kumbe kinachopatanisha ni chai, maneno yanachelewesha tu. Kwa hiyo Sheria ya Maelewano Kazini haina maneno mengi. Mfanyakazi na mwajiri wanakaa mezani, kila mmoja na kikombe chake. Anayekunywa amekubali neno la mwisho lililosemwa kabla hajanywa. Wote wakishakunywa, kikao kimekwisha na maelewano yamepatikana. Kumwaga chai ni kosa la jinai, kwa kuwa ni kulimwagia taifa. Kuhusu mtu kukataa kunywa, sheria haikusema kitu, maana nani kwetu anakataa chai ya watu?

Na kwa vile mwajiri ndiye mwenyeji, na mwenyeji ndiye anayesema karibu, neno la mwisho kabla ya chai huwa ni lake. Hili halikupangwa. Ni adabu tu.

Zaidi ya hapo, kila mahali pa kazi hupitishwa chai ya saa nne asubuhi, ya bure kabisa. Vikombe vikirudi vitupu vinahesabiwa, na idadi inapelekwa Wizara ya Maelewano, ambako kikombe kitupu kimoja ni mfanyakazi mmoja aliyeridhika. Jioni redio inatangaza. Miaka nenda rudi, nchi nzima imeridhika. Waliwahi kuja wataalamu wa nje kuchunguza tumewezaje. Wakakaribishwa chai, wakakubali.

*

Mimi nafanya kazi Kiwanda cha Mihuri cha Taifa. Mihuri yote ya serikali inakatwa pale, kuanzia ule mkubwa wa Ikulu hadi ule wa bwana anayethibitisha kwamba mbuzi amekaguliwa. Niko kwenye mashine ya kukata mpira. Geti linapigwa kufuli saa moja asubuhi na kufunguliwa saa kumi jioni. Ufunguo anakaa nao Meneja Mkuu, Bwana Mshangama, mfukoni mwa suruali, upande wa kulia. Upande tunaujua kwa sababu hupenda kuupapasa anapozungumza nasi. Anasema geti halifungwi ili kutuzuia kutoka. Linafungwa ili tusisumbuliwe na mawazo ya kutoka.

Ng'ambo ya barabara, ikitazamana na geti, ipo nyumba ya mama mkwe wangu, Bi Tunu. Humo ndimo ninamwacha binti yangu, Bahiya.

Bahiya ana miezi minne na msimamo wake. Hataki chupa, hataki kikombe, hataki kijiko. Ukimletea maziwa kwa chombo chochote anafumba mdomo na kugeukia ukutani kama mtu mzima aliyetukanwa. Ananingoja mimi. Kliniki, nesi alinionyesha mstari kwenye kadi yake: ulikuwa unapanda, ukalala, sasa unashuka.

"Mama, huyu anahitaji kunyonya mchana," akasema. "Wala usiniambie mwezi ujao."

Nilichohitaji ni nusu saa. Geti lifunguliwe saa sita, nivuke barabara, ninyonyeshe, nirudi.

Nikiwa kwenye mashine nilikuwa namsikia akilia. Wenzangu walisema haiwezekani, kwa ngurumo ile hata radi haisikiki. "Unasikia kwa sababu wewe ndiye mama, shoga yangu," aliniambia Siwatu, rafiki yangu, ambaye ndiye anayepika chai ya kiwanda na kuipitisha kwa toroli. Huenda alisema kweli. Lakini kifua changu hakikuwa na ubishi huo. Bahiya akilia sare yangu inalowa, nami naendelea kukata mpira, mkono mmoja nimeubana kifuani kama mtu anayeapishwa.

*

Basi nikajiunga na masomo ya jioni. Wizara yenyewe ndiyo iliyoyaanzisha, kozi iitwayo Misingi ya Mahusiano Kazini na Utatuzi wa Migogoro Isiyokuwepo. Tulifundishiwa katika shule ya msingi, kwenye madawati ya darasa la kwanza, magoti yakigusa kidevu. Nilikwenda na Bahiya, akawa ananyonya mpaka somo linaisha, ananishika kidole gumba asije akanipoteza tena.

Nilizipenda zile jioni. Niliishia darasa la saba, na kumbe kichwa changu kilikuwa bado kipo. Mwalimu wetu, Mwalimu Sekulu, alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kutazama dirishani kabla ya kumaliza sentensi.

"Mtu akiwa na lalamiko," alisema, "analipeleka kwanza kwa chama chake cha wafanyakazi. Chama kinakaa na mwajiri. Ikishindikana, linakwenda kwa msuluhishi, ambaye hana upande. Mahali pote pande mbili zisikilizane kwa nia njema."

"Imewahi kushindikana?" akauliza fundi bomba mmoja aliyekaa nyuma.

Mwalimu akatazama dirishani. "Haijawahi. Chai imekuwa ikinyweka."

"Na mtu asipokunywa, Mwalimu?" nikauliza.

Madawati yaliacha kulia. Mwalimu Sekulu akachukua kitambaa, akafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

"Swali hilo halimo kwenye mtaala, Mama Bahiya."

Tulipokuwa tunatoka alinifuata hadi mlangoni, akajifanya anamchezea mtoto unyayo. "Kikao hakifungwi mpaka wote wamekunywa," alisema, macho yapo kwa Bahiya. "Na mtu aliyeko kikaoni hafukuzwi kazi, maana kumfukuza mtu ambaye chai yake iko mezani ni utovu wa adabu. Zaidi ya hapo sijui, mama. Hakuna aliyewahi kufika." Akaniachia nipite, kisha akaongeza, "Uvae nguo nyepesi. Huwa wanafunga madirisha."

*

Nilianza kwa chama, kama nilivyofundishwa. Mwenyekiti wetu ni Ndugu Mwinjuma, mzee wa heshima ambaye wafanyakazi walimchagua zamani na hawajaulizwa tena. Ofisi yake iko ndani ya ofisi ya Meneja, kwa urahisi wa mawasiliano.

"Karibu, mwanangu. Sema lako."

"Naomba geti lifunguliwe saa sita, Mwenyekiti, nikamnyonyeshe mtoto. Nusu saa tu. Anapungua."

Alifumba macho kwa uchungu. "Jambo zito hilo. Nimelisikia kwa masikio yote mawili. Niachie mimi."

Akaingia mlango wa ndani. Sikuwahi hata kukaa sawa kwenye kiti. Nilisikia kijiko kikikoroga, nikasikia watu wanacheka, kisha Mwenyekiti akatoka anafuta masharubu.

"Tumeshinda," akasema.

"Litafunguliwa?"

"Tumeelewana kwamba geti lina umuhimu wake."

"Mwenyekiti, umekunywa?"

"Kidogo tu, mwanangu. Ilikuwa na tangawizi."

Nikamwambia basi naenda kwa Msuluhishi Mkuu, kwani huko mlalamikaji anakunywa mwenyewe. Uso ulimwanguka. "Mama Bahiya, usinitie aibu uzeeni. Mimi tangu nimeanza kazi hii sijawahi kuacha kikombe na kitu ndani."

"Sikutii aibu, baba. Nataka nikanywe mwenyewe."

Maneno hayo yalipofika kwa Bwana Mshangama yalimfurahisha mno. Mfanyakazi aliyeomba kwenda kunywa mwenyewe, kwa hiari, bila kusukumwa, hakuwahi kupatikana. Picha yangu ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo, chini yake wameandika: Mfano wa Kuigwa.

*

Msuluhishi Mkuu wa Taifa alikuja na msafara. Kwa kuwa hana upande, anatembea na kiti chake chenye magurudumu na fundi mwenye futi kamba, ambaye kazi yake ni kupima kiti kiwe katikati kabisa, kati ya mfanyakazi na mwajiri. Fundi alipima vizuri. Tatizo ni kwamba sakafu ya ukumbi wetu wa mikutano imeinama kidogo upande wa Meneja, kwa hiyo kiti kilikuwa kinateleza taratibu kuelekea huko. Kila mara Msuluhishi alijirudisha katikati kwa kisigino, ila naye ni mtu mzima, alikuwa anachoka.

Madirisha yalifungwa kwa ajili ya faragha. Tukaletewa mihogo ya kukaanga, chumvi na pilipili ya kutosha. Maji hayakuletwa, kwani sheria haiyatambui. Mbele yangu kikawekwa kikombe cha chai ya maziwa, iliki inanukia, moshi unapanda.

Mama anayenyonyesha ana kiu ambayo sidhani Bunge liliijadili.

"Ndugu zangu," akaanza Msuluhishi Mkuu, "leo ni siku ya furaha. Kwa mamlaka niliyopewa, na yale ambayo bado nayaomba, natamka kwamba taifa limekusikia, mama, kabla hujasema. Kwa hiyo unaweza kusema."

Nikasema. Haikuchukua muda: mtoto, mstari kwenye kadi, geti, nusu saa.

Bwana Mshangama akapapasa mfuko wake. "Mama Bahiya, kiwanda hiki ni familia. Nami ni baba. Baba akimfungulia mlango mtoto mmoja, wengine watataka nini? Leo analia wako, kesho atalia wa mwenzako."

"Wanalia leo, Bosi. Ni vile mashine zinanguruma."

"Mimi sijasikia kitu. Geti litabaki kama lilivyo, kwa upendo. Karibu chai."

Hilo likawa neno la mwisho. Wote wawili wakanitazama mkono.

Sikukigusa kikombe. Nilikunja vidole mapajani. Msuluhishi alisubiri, akatabasamu, akaagiza chai yangu ibadilishwe, pengine imepoa. Ikaja nyingine. Ikapoa nayo. Ikaja ya tatu, hii ina tangawizi. Jasho lilinitiririka mgongoni, ulimi ukanata kwenye kaakaa, na chumvi ya kipande kimoja cha muhogo nilichokula kwa adabu ikawa inanichoma koo. Kiti cha Msuluhishi kiliteleza, kikarudishwa, kikateleza.

"Binti," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa, "unajua wageni wangapi wanakaribishwa chai duniani wakakataa? Unajua tunaonekanaje?"

"Sijakataa, Mheshimiwa. Sijanywa tu."

"Tofauti yake ni nini?"

"Ndiyo nasubiri tuielewe pamoja."

Meneja akacheka kidogo, bila meno. Akainuka. "Tumwonee huruma, Mheshimiwa. Apate hewa." Akaenda mwenyewe kufungua dirisha moja, lile linalotazama geti.

Nje ya geti alikuwa amesimama Bi Tunu, kwenye jua, Bahiya begani. Walikuwa wametumiwa mtu akawaite. Bahiya alikuwa analia kile kilio cha chini, cha kukata tamaa, na nilipoisikia sauti yake pale bila ngurumo kati yetu, sare yangu ililowa mbele ya wanaume wale wawili, na Msuluhishi akatazama dari.

"Huyo hapo mwanao," akasema Bwana Mshangama. Alitoa ufunguo, akauweka mezani kando ya kikombe changu. "Mimi si mnyama. Geti litafunguliwa leo, umnyonyeshe. Karibu chai."

Nilishika kikombe, siwezi kudanganya. Nilikiinua mpaka mvuke ukagusa mdomo wangu wa juu, na mwili wangu mzima ukasema kunywa, mwanamke, kunywa, mtoto yule pale. Kilichonizuia ni neno dogo.

"Umesema leo, Bosi," nikasema. "Na kesho?"

"Kesho tutaiona ikifika."

Nikakirudisha kikombe mezani. Chai ikafika ukingoni, haikumwagika. Meneja akauchukua ufunguo wake, akaurudisha mfukoni. Kilio kilikuwa kinaingia tu dirishani.

Hapo Siwatu akabisha hodi, akaingia na toroli.

"Samahani, Mheshimiwa. Vikombe vya saa nne vimerudi."

"Vipeleke vikahesabiwe," akasema Msuluhishi bila kugeuka.

"Havihesabiki, Mheshimiwa. Vimejaa."

Msuluhishi akageuka na kiti chake chote. "Vyote?"

"Watu wameuliza kama Mama Bahiya ameshakunywa. Nikawaambia bado. Wakasema basi nao watamngojea. Hata mlinzi."

"Na Mwenyekiti?" akauliza Bwana Mshangama.

Siwatu akakitazama kikombe kimoja kwa makini. "Cha Mwenyekiti kimepungua kidogo. Anasema kilitikisika."

Kiti cha Msuluhishi Mkuu kikateleza mpaka kikagonga meza ya Meneja, na safari hii hakukirudisha. Akatangaza kwamba kikao kinaahirishwa kwa juma moja, ili taifa litafakari.

*

Juma lile redio haikutangaza vikombe. Ilipiga muziki wa tarumbeta. Kila siku saa nne toroli la Siwatu liliondoka limejaa na kurudi limejaa, na watu walifanya kazi kama kawaida, bila neno, bila kununa, mihuri inatoka. Hapakuwa na kosa la kumshtaki mtu. Wizara ilikuwa imezoea kukamata watu wanaofanya jambo.

Wizara ikatuma wataalamu. Wakapima sukari, wakapima maziwa, wakaipeleka tangawizi maabara. Wakamhoji Siwatu kama ana mapepo. Siku ya tano wakatoa taarifa kwamba chanzo kimebainika. Kikombe cha zamani, walisema, kina kitako, na kitako kinampa mfanyakazi mahali pa kuweka chai wakati anafikiri. Kwa hiyo taifa litapata kikombe kipya, chenye umbo la yai, kilichochongoka chini, kisichowekeka popote. Ukishakishika, njia iliyobaki ni mdomoni. Walioona mchoro walisema Waziri alitokwa na machozi.

Nyumbani Bahiya alikuwa ameanza kulia kidogo. Bi Tunu alidhani amezoea. "Ametulia siku hizi, mkwe wangu, analala tu." Nilimnyanyua, akawa mwepesi mikononi kuliko jana yake. Nilimpeleka kliniki nikiwa nimemfunika uso. Nesi hakudhani kwamba amezoea. Hakuniambia mengi, aliandika, akanirudishia kadi, akanishika bega kwa muda mrefu kidogo. Jioni ile sikwenda darasani. Nilimweka kifuani, nikawa namhesabia vidole vya miguu kwa sauti ili asilale.

*

Vikombe vipya vilizinduliwa kiwandani kwetu, katikati ya mashine, kwa sababu kwetu ndiko ugonjwa ulikoanzia. Msuluhishi Mkuu alikuja na wapiga picha, akachelewa, ikawa karibu saa sita. Siwatu aliamriwa awagawie wote, na kwa ajili ya picha hata wakubwa washike. Kwa hiyo Meneja alishika, Mwenyekiti alishika, Msuluhishi alishika, fundi wa futi kamba alishika. Vikombe vilikuwa vyembamba, vimechongoka kama embe dodo lililogeuzwa, na chai ilikuwa imetoka jikoni sasa hivi.

"Ndugu wafanyakazi," akasema Msuluhishi, "mnachokishika ni amani yenyewe, imepewa umbo. Kikao kilichoahirishwa kinaendelea. Bwana Meneja, neno lako."

"Geti litabaki kama lilivyo," akasema Bwana Mshangama. "Karibuni chai."

Wapiga picha wakainua kamera. Tukasimama.

Hakuna aliyekunywa. Lakini pia hakuna aliyerudi kwenye mashine, maana kwa mkono gani? Kikombe kile kilihitaji mkono mmoja kukishika na wa pili kukikinga kisiponyoke. Mashine zilizokuwa zinajiendesha zikamaliza mpira uliokuwa ndani, zikakosa wa kuzilisha, zikazima moja baada ya nyingine.

"Endeleeni na kazi," akasema Meneja.

"Tumeshika chai, Bosi," akajibu mtu wa mashine ya vipini.

"Kunyweni kwanza."

"Ya moto bado, Bosi."

"Basi wekeni chini."

"Haiwekeki. Na kumwaga ni jinai."

"Ipulizeni."

"Tunaogopa kuitemea, Bosi. Ni ya taifa."

Mashine ya mwisho ikazima. Kimya kikashuka kiwandani, kimya ambacho wengi wetu hatukuwahi kukisikia mle ndani tangu tuajiriwe. Na ndani ya kimya kile, kutoka ng'ambo ya barabara, ikaja sauti nyembamba, kavu, ya mtoto anayelia hana nguvu.

Nilimwona mtu wa mashine ya vipini akinitazama. Nikamwona Siwatu akifunga macho. Sauti ikakatika, tukangoja, ikaanza tena, dhaifu zaidi. Mwenyekiti Mwinjuma aliuliza polepole, kama anayejiuliza mwenyewe, "Ndiye huyo?"

"Ndiye huyo, baba," nikasema.

Bwana Mshangama alikuwa ameyakaza macho kwenye kikombe chake. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kuwa vyekundu. Alikihamisha mkono huu, akakihamisha ule. Kwenye mfuko wa Msuluhishi Mkuu simu ikaanza kuita. Ikaita, ikakata, ikaita tena. Wote tulijua inatoka juu. Tangu vikombe vigawiwe, pale kwetu haujatoka muhuri, na nchi isiyo na mihuri haiwezi hata kuthibitisha kwamba ipo. Msuluhishi aliitazama simu inavyotikisa koti lake, akavitazama vidole vyake vilivyofungwa na chai. Hakuweza kupokea.

Nikasema kwa sauti ambayo sikujua kama itatoka, na ilitoka. "Mwanangu analia. Naomba geti lifunguliwe saa sita, nusu saa, kila siku, kwa kila mama mwenye mtoto anayenyonya." Nikamtazama Meneja. "Karibu chai, Bosi."

Hakuna aliyewahi kumkaribisha. Nadhani ndiyo maana alishtuka.

"Siwezi," akasema. Hakuwa ananiambia mimi, alikuwa anamwambia Msuluhishi. "Nikinywa sasa nimekubali lake."

Simu ikaita.

"Toa ufunguo basi," akasema Msuluhishi.

"Nitautoaje? Nimeshika hiki."

"Mwachie mtu akushikie."

Bwana Mshangama akatazama huku na huku. Kila mkono uliokuwepo mle ndani ulikuwa na kikombe au kamera.

Ng'ambo ya barabara sauti ikakatika. Tukangoja ianze. Haikuanza. Sijui ilikuwa muda gani. Najua tu kwamba Mwenyekiti wetu, mzee yule ambaye hajawahi kuacha kikombe na kitu ndani, alikuwa amekishika kikombe chake mbali na mwili, mikono imenyooka, mdomo umebanwa, na hajanywa hata tone.

"Kunywa, Mshangama," akasema Msuluhishi Mkuu kwa sauti ya kawaida kabisa, isiyo na cheo.

Akanywa. Aliinywa yote kwa mkupuo mmoja, ya moto vilevile, machozi yakamtoka. Kisha mkono wake wa kulia, uliokuwa sasa huru, ukaingia mfukoni, akaelekea getini.

Nilimpa Siwatu kikombe changu. Sijui alikishikaje pamoja na chake. Alivibana vyote viwili kifuani. Nilikimbia. Meneja alikuwa hajamaliza kulivuta geti nami nilishapita ubavu, nikavuka barabara bila kutazama magari. Bi Tunu alikuwa kizingitini, ananijia, mtoto amemlaza mkononi, macho yake yamefumbwa. Nilimchukua, nikaketi palepale mavumbini, nikamgusisha. Hakushika. Nikamwita kwa jina, nikamkuna kidevu, nikamkamulia tone mdomoni. Akakunja uso, akatafuta, akashika. Alivuta kwa nguvu mpaka nikauma meno, na maumivu yale sijawahi kuyafurahia hivyo.

Jioni, nasikia, redio ilitangaza kwamba uzinduzi umefana, na kwamba Meneja Mkuu mwenyewe alionyesha mfano kwa kunywa wa kwanza. Ni kweli. Sina la kusahihisha.

Lakini wakati ule, nikiwa nimeketi chini na mkono wa Bahiya umeng'ang'ania kidole changu, niliinua macho nikatazama ng'ambo. Geti lilikuwa wazi. Wenzangu wote walikuwa wamesimama kati ya mashine zilizozima, wamegeukia kwetu, vikombe mkononi, wanangoja niimalize nusu saa yangu. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaipuliza chai yake.